Kimelea kilipita wapi? Vinasaba vya bakteria na milipuko ya wodini

Katika wodi ya watoto wachanga, maambukizi ya damu huanza kwa dalili ndogo ambazo hata mama mzoefu anaweza kuzidhania uchovu tu: mtoto ananyonya kivivu, mwili unapoa badala ya kupata joto, pumzi inakwenda haraka kisha inasita. Daktari anaagiza damu ioteshwe, yaani iwekwe maabara ili kimelea kilichomo kikue na kuonekana, na anaanza dawa kabla majibu hayajatoka, kwa sababu hakuna muda wa kusubiri. Baada ya siku mbili au tatu maabara inatoa jina la kimelea pamoja na orodha ya dawa zinazokishinda na zile ambazo kimezizoea. Kwa mtoto mmoja majibu hayo yanatosha. Wanapofika watano, kisha wanane, linazuka swali ambalo majibu ya kawaida hayawezi kulijibu: je, ni kimelea kimoja kinachohama kutoka kitanda hadi kitanda, au ni vimelea mbalimbali vilivyosadifu kutokea mwezi mmoja?

Nimekaa upande wa maabara kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na ninaamini kwamba swali hilo ndilo lililoachwa nyuma kuliko yote katika hospitali zetu. Kila hospitali inayopatwa na mlipuko hujijengea maelezo yake: mgonjwa fulani ndiye aliyeuleta, wodi fulani ndiyo chafu, zamu fulani ndiyo isiyonawa mikono. Maelezo hayo hutokana na mafaili, kumbukumbu za watu, na wakati mwingine vinyongo vya kazini. Kupima vinasaba vya bakteria kuna faida nyingi, lakini ile ninayoithamini kuliko zote ni kwamba kunayaweka maelezo hayo kwenye mizani, na mara nyingi kunayakuta yamepungua.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Mwanza. Mwaka 2011 Stephen Mshana na wenzake walichapisha taarifa ya mlipuko katika wodi ya watoto wachanga ya Hospitali ya Rufaa ya Bugando, kazi waliyoifanya pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Giessen nchini Ujerumani. Walichunguza vimelea 17 vilivyooteshwa kutoka katika damu ya watoto. Vipimo vya kawaida, yaani vile vya kuangalia ni sukari zipi kimelea kinazichachusha na namna kinavyogandamana kikichanganywa na seramu ya utambuzi, vilielekeza kwanza kwamba ni Salmonella Paratyphi, ndugu wa kimelea cha homa ya matumbo. Waliposoma vipande vya vinasaba ikabainika kwamba si Salmonella hata kidogo, bali ni Enterobacter wa aina ambayo haikuwa imewahi kuelezwa popote duniani. Vimelea hivyo vilikuwa vya ukoo mmoja, vilikuwa sugu kwa dawa nyingi isipokuwa siprofloksasini na kundi la kabapenemu, na miongoni mwa watoto walioambukizwa asilimia 35 walifariki.

Tofauti ya majina hayo mawili si ya vitabuni. Anayeamini kwamba ana Salmonella wodini huanza kuuliza habari za maji ya kunywa, chakula, vyoo, na mama aliyekuwa na homa ya matumbo. Anayejua kwamba ana Enterobacter huanza kuuliza habari za maziwa ya kopo, dripu zilizochanganywa juu ya meza, mirija ya kulishia, sinki, na mikono ya wahudumu. Wodi ni ileile na watoto ni walewale, lakini uchunguzi unashika njia mbili zisizokutana, na kila siku inayopotea katika njia isiyo sahihi ni siku ambayo mtoto mwingine anaweza kuingiwa na kimelea.

Kimelea kile hakikutupwa baada ya mlipuko kwisha. Mwaka 2016 kilielezwa rasmi kuwa spishi mpya na kupewa jina Enterobacter bugandensis, kutokana na hospitali ambako kilipatikana katika damu ya mtoto mchanga. Miaka miwili baadaye watafiti wa Marekani walichapisha taarifa kwamba spishi hiyohiyo imekutwa ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, na moja ya jenomu (jumla ya vinasaba vyote vya kimelea) walizolinganisha nazo ilikuwa ile ya Mwanza. Ninalitaja jambo hili kwa fahari, kwa kuwa kazi iliyoanzia kwenye sahani za agari, jeli ya kuoteshea bakteria, za maabara ya kwetu imekuwa kipimo cha ulinganisho kwa dunia nzima.

Ukoo mmoja wa vimelea vya Bugando ulithibitishwa kwa mbinu iliyokuwa ikitegemewa zaidi wakati huo. Vinasaba hukatwa kwa kimeng'enya, vipande husukumwa ndani ya jeli kwa umeme unaobadilisha mwelekeo mara kwa mara, kisha mistari inayojitokeza hulinganishwa. Ni mbinu nzuri na imetatua mengi, ila inaona umbo la jumla tu. Vimelea viwili vinaweza kutoa mistari inayofanana kabisa ilhali vimeachana miaka mingi iliyopita.

Kusoma jenomu nzima kunaingia ndani zaidi. Staphylococcus aureus ana herufi za vinasaba zipatazo milioni 2.8, na Klebsiella pneumoniae ana zaidi ya milioni tano. Kila bakteria anapojigawa hunakili herufi hizo zote, na mara mojamoja hukosea. Kosa likiingia na kubaki, hurithiwa na uzao wote unaofuata. Kwa koo za Staphylococcus aureus zilizochunguzwa, makosa ya namna hiyo hujikusanya kwa kasi ya karibu moja kila wiki sita. Kwa hiyo vimelea vya wagonjwa wawili vikitofautiana kwa herufi mbili au tatu kati ya hizo milioni 2.8, vimetokana na mzazi mmoja wa siku za karibu, na kuna mahali vilipokutana. Vikitofautiana kwa mamia ya herufi, hakuna kitanda wala mkono uliohamisha kimoja kwenda kwa mwingine mwezi huu, hata kama wagonjwa hao walilala bega kwa bega.

Tukio lililowafanya watu wengi wa hospitali waanze kuichukulia mbinu hii kwa uzito lilitokea Bethesda, Maryland, katika hospitali ya utafiti ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Juni 2011 alipokewa mgonjwa aliyehamishwa kutoka hospitali ya New York akiwa na Klebsiella pneumoniae sugu kwa kabapenemu, dawa ambazo madaktari huzitunza kwa ajili ya hali ngumu. Hospitali ilijua tangu mwanzo alichokuwa nacho. Alitengwa, wahudumu walivaa magauni na glavu, na Julai 15 aliruhusiwa bila mgonjwa mwingine yeyote kuonekana ameambukizwa. Agosti 5, wiki tatu baada ya kuondoka kwake, kimelea cha namna hiyo kikaonekana kwa mgonjwa wa pili, kisha kwa mwingine, takriban mmoja kila wiki. Hadi mlipuko ulipozimwa wagonjwa 18 walikuwa wamepata kimelea hicho. 11 kati yao walifariki, na vifo sita vilihusishwa moja kwa moja na maambukizi hayo.

Maelezo mawili yaliwezekana. La kwanza lilikuwa kwamba kimelea kilitoka kwa mgonjwa wa Juni na kikajificha mahali kwa wiki tatu. La pili lilikuwa kwamba mtu mwingine alikileta upya kutoka nje. Mbinu ya zamani haikuweza kuamua, kwa sababu kimelea hicho kilikuwa cha ukoo unaoitwa ST258, ambao wakati huo ulikuwa umetapakaa katika hospitali za Marekani kiasi kwamba kufanana kwa mistari ya jeli hakukuwa ushahidi wa kitu chochote. Julie Segre, Evan Snitkin, Tara Palmore na wenzao wakasoma jenomu nzima ya vimelea vya wagonjwa. Katika herufi zipatazo milioni sita walikuta sehemu 41 tu zilizotofautiana baina ya vimelea vyote vya mlipuko, na tofauti hizo chache, zikiwekwa pamoja na kumbukumbu za nani alilala wapi na lini, zilionyesha kwamba vyote vilitokana na yule mgonjwa wa kwanza. Zaidi ya hapo, kimelea kilikuwa kimetoka kwake na kuingia kwa wengine mara tatu tofauti.

Jibu hilo lilibadilisha kazi ya hospitali. Ikiwa kimelea kiliishi wiki tatu bila kuonekana, basi kulikuwa na wagonjwa waliokibeba tumboni bila dalili yoyote, na kuwasubiri waugue ni kuchelewa. Wagonjwa walianza kupimwa kwa swabu za njia ya haja kubwa, wakiwemo wasioonekana kuwa na tatizo. Kimelea kilikutwa katika mifereji ya sinki, na pia kwenye mashine ya kupumulia ambayo ilikuwa imekwisha kusafishwa. Ulijengwa ukuta wa kuwatenga waliobeba kimelea, wakapewa wahudumu wao wasioingia kwa wagonjwa wengine, vyumba vikafukizwa mvuke wa haidrojeni peroksaidi, na wakawekwa watu ambao kazi yao ilikuwa kuhakikisha kila anayeingia amesafisha mikono. Mlipuko ulikoma mwishoni mwa mwaka. Hakuna hata moja kati ya hatua hizo iliyofanywa na mashine ya kusoma jenomu. Hata hivyo, bila jibu lake hospitali ingeendelea kutafuta mlangoni kitu kilichokuwa tayari ndani ya nyumba.

Mwaka huohuo, katika Hospitali ya Rosie mjini Cambridge, Uingereza, tatizo lilikuwa la sura nyingine. Katika muda wa miezi sita watoto 12 wa wodi ya uangalizi maalumu walikutwa na Staphylococcus aureus sugu kwa methisilini, lakini walitokea kwa kuachana. Katikati kulikuwa na wiki ambazo hakuna aliyekutwa nacho, na timu ya kuzuia maambukizi haikuweza kusema kwa uhakika kwamba ni mlipuko mmoja. Sharon Peacock, Julian Parkhill na wenzao waliposoma jenomu, walikuta kwamba ni ukoo mmoja ambao haukuwa umejulikana kabla, na kwamba umefika mbali kuliko wodi yenyewe: jumla ya watu 26 walihusishwa nao, wakiwemo akina mama na watu wa nyumbani mwao. Kisha, siku 64 baada ya mtoto wa mwisho, na wodi ikiwa imesafishwa kikamilifu, akatokea mtoto mwingine mwenye kimelea cha ukoo uleule. Mahali kilipojificha hapangeweza kuwa kitandani. Wahudumu 154 walichukuliwa swabu, na mmoja akakutwa amekibeba bila kuugua. Alipewa tiba ya kukiondoa.

Hapa ningependa kukaa kidogo, kwa sababu ndipo hofu ya wafanyakazi wengi ilipo, nayo ni hofu ya haki. Karibu mtu mmoja kati ya wanne hubeba Staphylococcus aureus puani bila kujua. Si uchafu wala uzembe. Muuguzi anayeambiwa kwamba kimelea chake kinafanana na cha mtoto aliyeugua hubeba mzigo mzito moyoni, na katika hospitali zenye uhusiano mbaya kati ya viongozi na wafanyakazi, taarifa hiyo inaweza kugeuzwa fimbo. Sayansi yenyewe haitoi ruhusa hiyo. Kufanana kwa jenomu kunathibitisha kwamba kuna uhusiano, lakini peke yake hakuonyeshi kwa uhakika kimelea kilitoka kwa nani kwenda kwa nani, kwa sababu mhudumu naye anaweza kuwa amekipata kwa mgonjwa akiwa kazini. Mtu mmoja pia huweza kubeba vizazi kadhaa vya kimelea kilekile vyenye tofauti ndogondogo, na ukisoma kimoja tu unaweza kudhani umeona mnyororo ambao haupo. Ninashikilia kwamba hospitali isianze kuwapima wafanyakazi wake kabla haijaandika, na kuwasomea wote, kwamba majibu ni siri ya mhusika, kwamba tiba ni bure, na kwamba hakuna atakayepoteza kazi wala mshahara kwa kubeba kimelea.

Kuna tahadhari nyingine ya kitaalamu ambayo mlipuko wa Bugando unaifundisha vizuri. Usugu wa vimelea vile ulikuwa umebebwa na plasmidi, pete ya vinasaba iliyo nje ya jenomu kuu, yenye uwezo wa kuhama kutoka bakteria mmoja kwenda kwa mwingine. Zipo plasmidi zinazovuka mpaka wa spishi kabisa, zikatoka kwa Klebsiella na kuingia kwa E. koli katika utumbo wa mgonjwa yuleyule. Maabara inayolinganisha jenomu kuu peke yake itasema kwamba mgonjwa mwenye Klebsiella na jirani yake mwenye E. koli hawahusiani, ilhali kinachotembea wodini ni plasmidi. Kwa hiyo anayesoma lazima aangalie vyote viwili.

Kipimo kikisema kwamba uhusiano haupo, hilo nalo lina uzito. Huko Oxfordshire, David Eyre na wenzake walichapisha mwaka 2013 uchunguzi wa Clostridium difficile, kimelea cha kuharisha ambacho kila mtu aliamini kinapatikana kwa mgonjwa wa kitanda cha jirani. Kati ya wagonjwa 957 waliochunguzwa, asilimia 35 tu ndio waliokuwa na kimelea kilichokaribiana sana na cha mgonjwa aliyetangulia, na asilimia 45 walikuwa na vimelea vilivyotofautiana waziwazi na vya wote waliowatangulia. Hospitali inayowalaumu wasafishaji wake kwa kila mgonjwa wa aina hiyo ingekuwa inawaonea, na wakati huohuo ingekuwa imeacha kutafuta chanzo cha kweli.

Mpaka hapa nimezungumzia milipuko iliyokwisha kuonekana. Hospitali ya chuo kikuu mjini Pittsburgh, Marekani, imekwenda hatua moja mbele: inasoma jenomu za vimelea vya hospitalini kila wiki, bila kusubiri mtu ahisi kuna mlipuko. Katika taarifa ya miaka miwili, kuanzia Novemba 2021, watafiti wake walikadiria kwamba maambukizi 62 na vifo vipatavyo vitano vilizuiwa, na kwamba hospitali iliokoa kiasi cha dola 695,000 baada ya kutoa gharama. Nadhani huo ndio utaratibu sahihi, kwa kuwa mlipuko unaosubiriwa mpaka uonekane kwa macho huwa umekwisha kuchukua watu.

Sisi tuko wapi? Mradi uliochunguza maabara za nchi 14 za Afrika, Kenya, Tanzania na Uganda zikiwemo, ulitoa matokeo yake mwaka 2022. Kati ya maabara zipatazo 50,000 katika nchi hizo, ni asilimia 1.3 tu zilizokuwa zikifanya vipimo vya bakteria. Hiyo maana yake ni kwamba mahali pengi mtoto mwenye maambukizi ya damu hutibiwa kwa kubahatisha, na akifariki, kimelea kilichomuua kinazikwa bila jina. Hakuna jenomu ya kusoma pale ambapo damu haikuoteshwa. Kwa sababu hiyo sikubaliani na wale wanaodai kwamba tuanze kwa kununua mashine. Mashine zenyewe si kikwazo kikubwa kama zamani: wakati wa UVIKO maabara nyingi za Afrika zilipata vifaa vya kusoma jenomu za virusi, na iko mashine ya Oxford Nanopore inayoenea kiganjani. Utaalamu pia upo. Watafiti wa Kilifi wamesoma jenomu za Klebsiella kutoka kwa wagonjwa wa hospitali ya kaunti, na wale wa Moshi wamesoma za E. koli kutoka hospitali ya KCMC. Ila kazi za namna hiyo kwa kawaida hufanyika kama utafiti, na majibu hutoka katika majarida muda mrefu baada ya wagonjwa kwenda nyumbani. Muuguzi mkuu wa wodi hayapati wakati bado anaweza kuyafanyia kazi.

Kuna jambo moja la gharama ndogo ambalo hospitali yoyote yenye maabara ya bakteria inaweza kulianza mwezi huu, nalo ni kuhifadhi vimelea. Desturi iliyozoeleka ni kutoa majibu, kuziweka sahani kwenye otoklevu, mashine ya kuua vimelea kwa mvuke, na kuzitupa. Badala yake, kila kimelea kilichotoka katika damu kingeweza kuchukuliwa kwa kitanzi, kikachanganywa na mchuzi wa kuoteshea bakteria wenye gliseroli katika kichupa kidogo, na kikawekwa kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, ambako kitakaa hai kwa miaka. Pembeni liwepo daftari, la karatasi au la kompyuta, lenye namba ya kichupa, tarehe ya kuchukua damu, wodi, namba ya kitanda, na siku ambazo mgonjwa alihamishwa. Hiyo safu ya mwisho ndiyo inayosahaulika, na ndiyo iliyowawezesha watu wa Bethesda kuzigeuza herufi 41 kuwa njia halisi kati ya wagonjwa halisi. Umeme wa uhakika kwa friza ni lazima, pamoja na mtu mmoja mwenye ufunguo na wajibu wa kulijaza daftari kila siku. Hospitali ikiwa na hivyo, siku watoto watano wa wodi moja watakapokutwa na Klebsiella katika damu ndani ya wiki moja, vichupa vitano na nakala ya ukurasa wa daftari vinaweza kupelekwa kwenye maabara yenye mashine, na swali la kuulizwa huko litakuwa fupi: je, hivi vitano ni ukoo mmoja?